Karatasi Zangu za Vitanda

Mwaka 1914, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alifariki nikaanza kubeba mbao mahali panapoitwa sasa Kariakoo. Shule niliiacha njiani, lakini akili ya biashara ninayo.

Mwezi uliopita vitanda ninavyotengeneza vilikosa wanunuzi, nikaona duka langu linaelekea kufungwa. Nikaenda kuchapisha karatasi za matangazo. Mchapaji akasema, "Mzee, maneno machache yanatosha." Nikamjibu, "Nani analipa hapa?" Akaijaza maneno karatasi nene, na picha yangu kubwa juu.

Nilipozigawa, ziligombewa! Mama Zaituni, mkaanga samaki wa soko la Feri, alichukua bunda zima akanishukuru sana. Nikachapisha nyingine, nikakaa dukani kungoja wateja. Hakuja hata mmoja.

Juzi nikamfuata Feri. Kila mtu ameshika samaki aliyefungwa ndani ya uso wangu.

"Lakini umeisoma?" nikamwuliza.

"Nani atasoma yote yale, baba? Ila karatasi yako haipitishi mafuta. Tuletee nyingine, upunguze wino tu, unachafua samaki."

Watu wakanitazama, wakatazama mikononi mwao, wakaangua kicheko.

Leo nina nyumba moja Msimbazi, misumeno miwili, vitanda kumi na saba, na mteja mmoja, wa karatasi.