Vyungu vya Magamba

Miaka ile ya Zaïre, mtu wa Kalemie akitaka chungu cha kupikia maharagwe alikwenda kwa Mama Odile, karibu na mto Lukuga. Alifinyanga udongo mweusi wa ukingoni, kama mama yake kabla yake. Kisha depo ya mafuta ikajengwa juu ya shimo lake la udongo, ikazungushiwa senyenge. Alikwenda kuomba aingie walau mara moja kwa mwezi. Mlinzi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia arudi nyumbani.

Mume wake, Papa Bonaventure, mtu wa reli, akaanza kumletea udongo wa Niemba kwa treni. Ulikuwa mwekundu na laini, lakini kila chungu kilipasuka motoni. Odile akauchanganya na mchanga; vyungu vikavuja. Akatia majivu, vikabomoka kabla ya kukauka. Akatia pumba za mpunga. Vikawa vyepesi, ila ukivibana kwa mikono vinameguka.

Ndipo akaokota magamba ya konokono ziwani, akayatwanga, akayakanda na udongo. Vyungu tisa vikatoka motoni vizima, vina vidoa vyeupe. Ukivigonga kwa kidole, vinalia.

“Sasa njo umepata,” Bonaventure akasema, akaketi chini akicheka.

Jirani yao, Mama Thérèse, akachukua kile kikubwa kwa ajili ya posa ya binti yake.

Siku ya nne, mvua ikinyesha, Odile alisikia mlio mdogo nyumbani. Kipande kama ukucha kilikuwa kimeruka kutoka ubavuni mwa chungu, na tunduni mna unga mweupe. Kikafuata kingine. Hakuna aliyegusa vyungu. Akavipaka mawese. Akavifunika gunia. Akavisogeza karibu na moto, kisha akavirudisha penye baridi.

“Tufanye nini?” akamwuliza mumewe.

“Sijui, Odile.”

Kufika Jumapili vyote vinane vilikuwa vigae.

Jumatatu Thérèse akaja na vipande kwenye beseni.

“Maharagwe yalimwagika mbele ya wakwe,” akasema polepole. “Sikuja kwa ugomvi. Nataka tu uniambie ni nini.”

“Mimi mwenyewe natafuta muntu wa kuniambia.”

Odile alijaribu tena mara mbili, akiyasaga magamba mpaka yakawa kama unga wa muhogo. Vyungu vilitoka vizuri vilevile, na baada ya siku chache vikajimenya vilevile. Watu wakasema udongo wa Niemba una watu wake waliokufa; wengine wakasema ni wivu. Odile hakubishana na yeyote. Udongo uliobaki ukakauka guniani, ukawa jiwe.

Kila alipomtembelea Thérèse, alimkuta akiifunika haraka kwa kitenge sufuria yake mpya ya Kigoma iliyokuwa motoni, ili Odile asiione.

“Acha, Thérèse,” akamwambia siku moja. “Kitenge kitaungua.”