Msingi wa Futi Moja

Kijiji kipya kilikuwa na mwaka mmoja tu, na bustani ya zahanati ilikwisha kuliwa na mbuzi mara tatu. Mkutano ukaamua ijengwe ukuta wa mawe. Mwenyekiti Luhaga alipouliza nani anajua uashi, macho yote yakamwendea Shigela, maana tangu ahamie hapo alikuwa akisimulia majengo aliyoyajenga Mwanza. Ukweli ni kwamba huko Mwanza alibeba maji na kukoroga udongo miezi minne, basi. Lakini watu walikuwa wakimngoja, mkewe Felisita akiwamo.

"Nitaupima mimi," akasema.

Kesho yake alipigilia vigingi, akavuta kamba, akaagiza mtaro wa futi moja. Hiyo futi moja hakufundishwa na mtu. Ilimtoka tu mdomoni.

Nyamizi, mjane aliyelima pale miaka mingi kabla ya kijiji, akapita na mzigo wa kuni, akasalimu.

"Mwangaluka, mwanangu. Hii ni mbuga, udongo mweusi. Kiangazi inapasuka, kwato ya ng'ombe inazama. Masika inavimba. Chimbeni mpaka mkute changarawe. Iko chini, kina cha kiuno."

"Mayu, mama yangu, msingi una hesabu zake," Shigela akajibu kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Hesabu hizo hazifundishwi shambani."

Wachimbaji wakacheka. Nyamizi akaenda zake.

Ukuta ukajengwa. Masika ulipinda, kisha upande mmoja ukalala wote juu ya mchicha. Luhaga alikasirika. Akasema tope la kujengea lilikuwa jepesi, na aliyelikoroga ni Novatus, mmoja wa wajenzi, tena mchelewaji wa kazi. Akamwadhibu kulima shamba la kijiji siku saba peke yake. Novatus akamtazama Shigela, akingoja aseme neno. Shigela akainama kukaza katambuga zake miguuni, nazo zilikuwa zimekazwa tayari.

Siku tatu alimwona Novatus akipita na jembe. Siku ya nne Felisita akamuuliza taratibu, "Baba Maganga, tope lilikuwa jepesi kweli?"

Shigela akanyanyuka, akatoka. Alikwenda kwa Nyamizi, akamkuta akipepeta mtama, akashindwa hata kukalia kigoda alichopewa.

"Mayu, mimi sijui uashi. Sijajenga hata choo."

"Nilijua tangu siku ile," Nyamizi akasema, mikono ikiendelea na ungo. "Lakini si mimi ninayelimishwa. Kaliseme penye watu."

Akalisema mkutanoni, amesimama. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma kuliko kicheko. Felisita alitazama chini. Luhaga akamfutia Novatus adhabu, siku zilizobaki akampa Shigela, akaamuru kiangazi msingi uchimbwe upya, Nyamizi akionyesha kina.

Walichimba wote. Novatus aliangukia upande mmoja na Shigela. Aliitikia salamu, akapokea sururu alipopewa, wakafika kwenye changarawe pamoja. Lakini kumtazama usoni hakumtazama, mpaka pamba ya mwaka ule ikavunwa.