Ndizi Zinazoiva Sabato

Hadi leo sijajua jinsi mama mmoja Msabato, mchuuzi wa Keroka, alivyobonyeza ndizi mbichi kwa kidole gumba akataja siku itakapoiva. Ijumaa moja, miaka ya sabini, mbichi kabisa alizipakia kwenye lori la Nairobi, na zilizoiva akazituma soko la Daraja Mbili, Kisii, asubuhi hiyohiyo. Ikabaki mikungu sita.

"Na hii?" dereva akauliza.

"Itaiva kesho, Sabato. Mimi siuzi."

"Basi Jumapili itakuwa chakula cha ng'ombe, Mama!"

Jirani wa mama, Mkatoliki aliyeuza ndizi pia, akampiga bega. "Wewe kapumzike, dada. Sisi zamu yetu ya kupumzika ni Jumapili."

Wachuuzi wengi hupanga bidhaa kwa kumwangalia mteja. Mama huyu aliangalia na mbingu. Wakakubaliana: mikungu ya mama inayoiva Jumamosi auze jirani, na ya jirani inayoiva Jumapili auze mama. Jirani akajitwika mkungu wa kwanza.