Mlinzi wa Goli Mwenye Kipara

Mafuta ya alizeti yakitoka tu kwenye mashine, kabla hayajachujwa, yananukia mpira. Msicheke. Mama Zaina, kocha wetu wa netiboli pale Shelui, aliupaka mpira wetu wa ngozi mafuta hayo usipasuke kwa jua, ukawa unatuponyoka msimu mzima. Tukilalamika, alisema, "Ukiudaka huu, wowote utaudaka." Mimi ni mfanyabiashara, bei huihesabu mara mbili, na mpaka leo sijui kama ile ilikuwa hekima au ubahili.

Asubuhi aliwauzia chapati madereva wa malori, jioni alitufundisha. Kanuni zake zilikuwa chache: uwanjani anayepiga kelele ni yeye peke yake, aliyepoteza mpira aufuate, asianze kujieleza, na mchezaji hatolewi kwa kukosea, anatolewa akiumia.

Mama yangu alifariki wiki ya fainali. Tulipoanua matanga tukanyolewa vipara, kama ilivyo desturi yetu, na kesho yake nikaenda uwanjani. Sikuwa na huzuni wala hamu. Nilikuwa kama mguu ulioukalia muda mrefu: upo, lakini si wako. Nikamwamkia kocha shikamoo, akaitika, akanipa fulana yangu ya mlinzi wa goli. Basi.

Tulicheza na wasichana wa Misigiri, na zawadi ilikuwa beberu mmoja, kafungwa kamba nyuma ya goli langu. Mfungaji wao, mrefu kama nguzo ya umeme, alikitazama kichwa changu akasema, "Dada, we lala tu. Tukimaliza tutakuamsha."

Siku nyingine ningemjibu mpaka aombe apunguziwe. Siku ile niliinua mikono tu kungoja mpira. Mpira ulipita juu ya mikono yangu, ukapita tena. Nikawa nahesabu magoli, narudia kuyahesabu, kama mali ya mtu mwingine.

"Mama Zaina, mtoe huyo!" watu wakapiga kelele. "Bora geti la stendi, lile angalau hufungwa!"

"Mbuzi anaondoka!"

"Aende salama," akajibu kocha bila kugeuka.

"Si binti yako yupo benchi? Mwingize!"

Kweli Zaina alikuwa benchi, kamba za viatu keshafunga. Mimi mwenyewe nikasogea kwenye mstari. "Kocha, nitoe."

"Umeumia wapi?"

Nikajitafuta. Sikupata pa kuonyesha.

"Basi rudi usimame."

Tulifungwa. Mbuzi akapandishwa kwenye pikipiki kwenda Misigiri, na Zaina hakunisemesha mpaka tulipofunga shule.

Kwa miaka mingi niliamini yule mama alikuwa mkaidi tu wa kanuni zake. Juzijuzi nilipita Shelui kununua vitunguu, nikamuuliza kwa nini hakunitoa. Aligeuza chapati kwanza.

"Nilijua umeumia, mwanangu. Sasa ningekutoa uende wapi? Nyumbani mama hayupo. Pale golini angalau ulikuwa unasubiriwa."

Nimeuza na kununua vya kutosha, namjua mtu anayelipa ghali kwa makusudi: yeye alilipa mbuzi, na nafasi ya binti yake. Siku ile nilikuwa mtoto. Niliona mgongo wake tu, nikadhani hana habari na mimi.