Sauti Mbili Kando ya Mkeka

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi, mwanangu, miaka ya tisini ikielekea mwisho, nilipomponza kijana wa watu kwa wivu wangu. Nitakueleza polepole, maana wivu hauji kwa kishindo. Huanza na vitu vidogo ambavyo ungeona aibu kuvitaja.

Wakati huo nilikuwa kocha msaidizi wa mieleka katika chuo kimoja upande wa Maryland. Kocha mkuu alikuwa Raymond, Mmarekani niliyesoma naye na kucheza naye timu moja, uzito mmoja. Kila uzito timu hupeleka mtu mmoja tu, na miaka miwili mfululizo mtu huyo nilikuwa mimi. Raymond alikaa benchi akinishangilia. Basi nafasi ya ukocha mkuu ilipotokea, wakampa yeye.

Nilimpongeza, tena kwa kumkumbatia mbele ya watu. Kisha nikaanza kuchunguza. Vijana wakishinda, walikimbilia kumpa mkono yeye kwanza. Jina lake lilikuwa mlangoni. Langu lilikuwa kwenye karatasi ya ndani, chini ya daktari wa timu. Mazoezi ya kumpindua mtu akiwa chini, niliyoyabuni mimi, aliwaambia wageni kuwa ni "mazoezi yetu". Hilo neno "yetu" lilinichoma. Angesema "yangu", walau ningepata la kumlaumu.

Katika timu alikuwemo Elia, mwaka wake wa mwisho chuoni. Mama yake, mwenyeji wa Nakuru kama mimi, alihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee kule Lanham. Elia alielewa Kiswahili chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Mama Elia alizoea kumtania: "Huyu masikio ni ya Nakuru, mdomo ni wa huku huku."

Jumamosi hiyo Elia alibakiza pambano moja. Akishinda, anaenda mashindano ya taifa; akishindwa, mieleka yake imeishia hapo. Mama yake alibadilishana zamu ili aje, akakaa karibu nyuma yetu, sisi makocha tukiwa vitini kando ya mkeka wa mieleka.

Zikabaki sekunde thelathini, alama nne kwa nne, Elia akiwa juu amemdhibiti mpinzani. Hapo zipo njia mbili. Unaweza kumwachia mpinzani asimame, apate alama moja, kisha umwangushe upate mbili. Au unamng'ang'ania hapo hapo chini ujaribu kumpindua chali, upate alama. Njia yoyote inaweza kukupa ushindi, mradi ufuate moja. Elia alikuwa mwepesi sana wa kuangusha watu, na Raymond akapaza sauti kwa Kiingereza: "Mwachie! Mwachie, umwangushe!"

Nilijua Raymond yuko sahihi. Lakini nikamwona Elia, moyoni mwangu, ameshinda na anamkimbilia Raymond. Nikainuka, nikapiga kelele kwa Kiswahili, ambacho Raymond hakukijua: "Usimwachie! Mshike, mpindue!"

Elia akasita. Mkono mmoja ukaachia, mwingine ukashika. Mpinzani akapenya katikati ya kule kusita, akajigeuza, akawa juu yeye. Sita kwa nne. Kipenga.

Raymond alimfunika Elia taulo, akamwambia, "Kosa ni langu. Nimechelewa kukwambia." Mimi nikanyamaza. Na si kunyamaza tu. Kuna kipande ndani yangu kilichofurahi kumsikia akijilaumu. Hicho ndicho ninachoona haya kukusimulia hadi leo.

Vijana walirudi na basi la chuo. Mimi nikampa Mama Elia lifti hadi Lanham. Tulikuwa tumeshaingia barabara kuu aliposema, bila kunitazama:

"Kocha, Raymond hajui Kiswahili. Mimi najua."

"Mama Elia, yale ni mambo ya mieleka tu..."

"Hebu acha! Miaka minne nakalia vile viti vyenu vigumu, nisijue mieleka? Mtoto amesikia watu wawili. Sasa hivi yuko kwenye basi anadhani ni mzembe." Akanigeukia. "Utamwambia wewe, au nimwambie mimi? Mimi nitamwambia vibaya, kaka. Nakuonya."

Jumatatu nikawaita Elia na Raymond, nikawaeleza nilichopiga kelele na sababu yake. Nililitamka neno wivu kwa Kiingereza, ili wote walisikie vizuri. Raymond alitikisa kichwa. Msimu mzima uliofuata hakuniruhusu kukaa kando ya mkeka, na nilistahili. Elia yeye alinijibu kwa Kiingereza chake, kwa sauti ya chini: "Ukumbi ukiwa na kelele, kocha, sauti yako ndiyo ninayoisikia kwanza. Unasikika kama nyumbani." Hakusema amenisamehe. Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Mwanangu, nilikuwa nikimwonea Raymond wivu kwa kupewa mkono, kumbe mimi nilikuwa nimepewa sikio la yule kijana. Nikalitumia kumwangusha.

Baadaye nilipata timu yangu mwenyewe, nikafundisha miaka mingi. Sikudanganyi kwamba wivu uliniacha. Kwa hiyo sikuambii usiuone; utauona, hasa kwa mtu uliyewahi kumshinda. Ukiuona, mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyo hiyo, kabla haujafika kwenye kazi yako. Usifanye uamuzi wowote unaomgusa mtu wa tatu wivu ukiwa bado unachemka ndani yako. Na ukishaharibu, halafu mwenzako akaibeba lawama, fungua mdomo pale pale. Mimi nilichelewa siku mbili, na siku hizo mbili Elia aliziishi akijiona hafai.

Mungu aibariki kazi yako, mwanangu, na ya mwenzako pia. Akujalie usingizi mwema hata siku anayosifiwa yeye.