Picha Aliyoichoma Mogesi

Jumanne jioni Mogesi aliichoma ile picha nyuma ya duka langu mpaka ikawa majivu.

Jumatano asubuhi akaikuta ukutani, palepale.

Ngoja nieleze, msije mkaniita mchawi.

Naitwa Aloo. Miaka ile dhahabu ilipowachanganya watu Nyamongo, nilikuwa nauza picha za ukutani. Za Yesu, za maua, za magari. Safari moja mzigo wangu wa Mwanza ukaja na nakala sita za mchoro wa Kizungu wa zamani. Jitu la hadithi za Wagiriki, jicho moja tu, limechomoza nyuma ya kilima linatazama. Wala si kali. Lina huzuni.

Hakuna aliyelitaka. Nikatundika moja nje.

Mogesi, mchimbaji, akapita, akasimama. Akainunua bila kupatana bei, akaenda kuichoma. Nikasema, hela yake, moto wake. Asubuhi nikatundika nyingine.

Sasa alikuwa mbele yangu, midomo imekauka.

"Dada Aloo, nani amekuambia?"

Ningemjibu ziko sita, yangeisha. Lakini nikakumbuka kitu.

Simioni, mwenzake wa duara moja, yaani shimo moja la dhahabu, alikuwa na jicho moja. Lingine lilitobolewa na kipande cha jiwe. Na mkewe Waisiko alikuwa anazunguka senta tangu jana akimuulizia. Mogesi ndiye aliyemwambia kwamba mumewe kaenda Sirari, mpakani.

"Simioni yuko wapi, Mogesi?"

Akakaa chini kwenye vumbi.

"Duara lilititia juzi. Mimi niliwahi kutoka. Nilimsikia akiniita. Nikakimbia."

"Na hukuita watu?"

"Lile shimo si letu, dada. Tuliingia kwa kuiba. Wenyewe wangetuua."

Duka sikulifunga. Nilipiga yowe hadi barabarani, wanaume wakaja na sururu na machepe.

Walichimba tangu saa tatu, pale alipotuonyesha Mogesi. Mogesi naye alichimba, wawili wakimlinda asitoroke. Juu, vijana walishaokota mawe. Walikuwa wanangoja maiti itoke tu, wamponde Mogesi.

Waisiko hakulia. Aliuma kanga yake, macho shimoni.

Saa tisa alasiri Kisyeri, mmoja wa wachimbaji, aliyekuwa chini kabisa, akainua mkono.

"Nyamazeni."

Kuna kitu kilikuwa kinagonga. Jiwe kwa jiwe.

Walimtoa Simioni amejaa vumbi kichwa hadi mguu, hawezi kusimama. Gogo moja lilikuwa limezuia udongo usimlalie. Waisiko akampa maji. Akanywa kidogo, akayasukuma.

"Mogesi mmeshamtoa?"

Akageukia shimo.

"Nilimwita siku zote hizi. Haitiki. Mchimbeni na yeye, huenda bado anapumua."

Nikasikia mawe yakidondoka, moja moja, kutoka mikononi mwa wale vijana. Mogesi alikuwa hatua tatu kutoka kwake. Alishindwa kuzitembea.

Wewe unayesoma, kuogopa si dhambi. Hofu ikikukimbiza, kimbia. Ila kimbilia kwa watu, useme.