Bibi Alivyonifumulia Programu

Usiku ule nililala na hasira, na mtu akilala na hasira hata mto unakuwa mgumu. Nilikuwa nimeshaamua: kukicha tu, naifuta Kumbusho mtandaoni, isionekane tena, na wanaoilalamikia wakione cha moto.

Kumbusho ni programu yangu. Riziki yangu ni kutengeneza tovuti za watu, lakini hii niliitengeneza bure, jioni na Jumapili, miaka mitatu peke yangu. Zahanati inaandika jina la mtoto na namba ya simu ya mama, na siku ya chanjo ikikaribia mama anapata ujumbe. Nikaiweka wazi, programu huria, anayetaka aichukue, aisome, airekebishe. Ndivyo nilivyokuwa nikihubiri kwenye mikutano ya waandishi wa programu, kifua mbele. Kweli yenyewe ni kwamba kila aliyejaribu kuirekebisha nilimtimua.

Wa mwisho kumtimua alikuwa Sista Tabu, muuguzi wa zahanati moja huko Kigoma, aliyejifunza kuandika programu mwenyewe kwenye mapumziko ya zamu. Aliniandikia kwamba kwao simu moja ni ya nyumba nzima, mawifi watatu wanatumia namba moja, na Kumbusho ikipewa namba ile ile mara ya pili inamfuta mtoto wa kwanza. Watoto wanakosa chanjo. Akaniletea na marekebisho aliyoyaandika mwenyewe. Mimi nikamjibu mkavu kwamba programu haina kosa, awaambie akina mama kila mmoja awe na namba yake. Jamani, kiburi! Ijumaa ile akaniandikia mstari mmoja tu: Jumatatu zahanati yake inarudi kwenye daftari, na za jirani zinamfuata. Mori ukanipanda. Nikajaribu kurekebisha mwenyewe ili nimkomeshe, nikashindwa. Nilikuwa nimeibana ile programu kiasi kwamba ukigusa hapa, kunavunjika kule. Nikazima taa na aibu yangu.

Sijui nililala saa ngapi. Nilijikuta Muheza, barazani kwa Bibi mzaa mama, mchana kweupe. Bibi alishafariki, huu mwaka wa sita, na hata mle ndotoni nilikuwa nalijua hilo, ila halikunishtua. Alikuwa fundi cherehani, sare za shule za mtaa mzima zilipita mikononi mwake. Amekaa pale pale pake, khanga begani, anakanyaga, cherehani inalia. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua macho, nikajua nina kesi.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo alivyoniita tangu natambaa, utani wa bibi na mjukuu. "Hebu ilete hiyo kazi yako unayoringia."

Nilikuwa nimeshika laptop, nikamkabidhi. Anaipokea, na mikononi mwake ni kaptula ya shule, ya khaki, imepigwa pasi mpaka inang'aa. Mimi nasimama nasubiri sifa. Bibi haangalii nje hata kidogo. Anaigeuza ndani nje, kama alivyofanya siku zote kwa kazi ya fundi yeyote, halafu anapitisha kidole gumba kwenye mishono. Kule ndani naiona mistari yangu ya programu, imejipanga safi, nami najiona bingwa. Kidole kinapita kiunoni, kinashuka mpaka mahali pa pindo la mguu, kinasimama.

Hakuna pindo. Hakuna hata kipande cha akiba. Nimekata mpaka kwenye uzi.

Nikaanza kujitetea, kwamba kazi safi ndivyo inavyotakiwa, isizidi kitu. Bibi akacheka kile kicheko chake cha puani, ambacho hata alipokuwa hai kilinikera. Muheza nzima ilizijua sare zake. Alikunja ndani kitambaa cha upana wa vidole vinne, na kila Januari mama wa mtoto anafumua, anashusha, mtoto anaingia darasa jingine na nguo ile ile. Anayeweza kushika sindano alifumua mwenyewe, wala Bibi hakuona ameingiliwa. Na mimi niliyekulia ndani ya kaptula hizo, mtu mzima hovyo, nimeshona nguo ya siku moja.

Baraza sasa ni zahanati. Benchi limejaa akina mama na watoto mapajani, na simu moja inapita mkono kwa mkono. Wa kwanza anaiweka sikioni, anampa wa pili. Wa pili akiishika tu, mapaja ya wa kwanza yanabaki matupu. Mama yule anapapasa khanga yake, anatazama chini ya benchi. Simu inakwenda kwa wa tatu. Nataka kupiga kelele waiache, sauti haitoki. Niliogopa, sijawahi kuogopa vile.

Mlangoni amesimama mwanamke mwenye sare nyeupe. Sijawahi kumwona, lakini namjua, ni Sista Tabu. Bibi anainuka, ananipita, anampa yeye kaptula pamoja na mkasi. Yeye, si mimi. Roho inaniuma, sauti inarudi.

"Bibi, hiyo ni yangu!"

Ananigeukia, kwa mara ya kwanza ananitazama usoni.

"Ulishona ivaliwe, au itazamwe?"

Sista Tabu anafumua uzi mmoja, wa pili, taratibu. Na pale nilipokata mimi, kitambaa kinatoka. Sijui kimetoka wapi. Kinashuka, kinazidi, kinafunika miguu yetu, kinajaza baraza, na kila kinapofika kwenye mapaja matupu mtoto amekaa, analia kwa afya zake. Akina mama wanapiga vigelegele. Bibi anacheza, yule mwenye magoti mabovu! Nami nalia, nimeshika kona ya khaki, navuta pamoja nao. Bibi akaniinamia.

"Mume wangu, muache mwenzio afumue."

Nikaamka, uso umelowa, kumepambazuka.

Sikufuta kitu. Nilifungua marekebisho ya Sista Tabu na kwa mara ya kwanza nikayasoma kweli. Mistari thelathini, imeandikwa wazi, na juu yake maelezo ya jinsi atakayekuja baadaye anavyoweza kuongeza. Nikayakubali yote. Kisha nikampa funguo za Kumbusho, awe na uwezo sawa na wangu wa kubadili anachoona kinafaa, nikampigia simu. Nikamwomba radhi. Nikamwambia nimetumwa na Bibi yangu, afumue popote anapoona panabana.

Nadhani alijiuliza kama nimelewa. Halafu akasema yuko zamu, ya Jumamosi, na wale mawifi watatu wapo nje na simu yao. Nikamsikia akiwaita, akigonga vitufe kimoja kimoja, akiingiza majina ya watoto wao. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba.

"Neema yupo," akasema. "Yusufu yupo." Vitufe tena. "Na Zawadi yupo. Kaka, namba moja, na wote watatu wapo."

Nililia kama mtoto, na sikuona haya.